Unalipia kitanda au mazutu? Kulala nje ya hoteli Lubumbashi

Lubumbashi kuna imani moja ngumu kung'oa: mgeni wa heshima analala hotelini. Kampuni zinaiandika kwenye karatasi za safari za kazi, jamaa wanachanga pesa wakati wa harusi ili wajomba kutoka Kolwezi wasilale kwenye mkeka, na wenye hoteli, bila shaka, hawana neno la kuipinga. Anayelala kwa masista, kwenye chumba cha siku ndani ya lupango (ua wa nyumba za familia kadhaa) la watu kule Kamalondo, au kwenye kontena lililogeuzwa chumba, anahesabiwa kuwa ameishiwa au anajificha.

Hoteli zina hoja zao, na baadhi ni nzito. Tutazifikia. Tuanze na bei, maana wengi wanaolipa hawajawahi kuuliza pesa zao zinaungulia wapi.

Chukua hoteli ndogo ya vyumba kumi yenye jenereta ya kVA 20. Umeme wa SNEL ukikatika, jenereta hiyo ikibeba nusu ya uwezo wake inakunywa karibu lita 2.5 za mazutu, yaani dizeli, kila saa. Delestaji, huko kukatiwa umeme, ikidumu saa kumi, ni lita 25. Vyumba vyote vikijaa, kila mgeni anabebeshwa lita mbili na nusu, awe macho au awe amelala fofofo. Sasa tuseme ni vyumba vinne tu vyenye watu. Mtu angedhani matumizi yatashuka kwa kiasi hichohicho, lakini injini ya dizeli haina adabu hiyo: hata ikibeba robo ya uwezo wake bado inataka lita moja na nusu mpaka mbili kwa saa, kwa kuwa kuna mafuta inayoyala kwa kujizungusha tu. Kwa saa kumi ni lita 15 hadi 20. Gawa kwa wageni wanne: kila mmoja lita nne au tano. Hoteli inavyozidi kuwa tupu, ndivyo usiku wako unavyozidi kumgharimu mwenye hoteli, na ndivyo anavyozidi kukaza bei. Zidisha lita hizo kwa bei ya kituoni, toa jibu kwenye bei ya chumba, uone kinachobaki kwa ajili ya kitanda, shuka, sabuni na mlinzi.

Halafu kuna hili: dizeli inayokesha na mzigo mdogo inajiua. Mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi, injini inaanza kutema uchafu mweusi. Fundi yeyote atamshauri mwenye hoteli aizime. Ndiyo maana hoteli nyingi ndogo huzima jenereta saa sita usiku, na mgeni anaamka saa nane akipapasa ukuta kutafuta swichi. Giza linavumilika. Kinachoudhi ni kwamba bei haikuzimwa pamoja na jenereta.

Chumba cha lupango chenye betri moja ya volti 12 na Ah 200 kina hesabu yake. Betri hiyo inabeba wati-saa 2,400, ila kama ni ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Basi hesabu 1,200. Taa tano za LED za wati 7 ni wati 35, feni 50, kisanduku cha intaneti 10. Jumla haifiki 100. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unapata saa kumi hivi za mwanga na upepo, kimya kabisa. Adui wa mpango huu ni birika la umeme: birika la wati 2,000 kwenye inveta ya wati 1,000 linaiangusha papo hapo, na pasi vilevile. Mwenye nyumba mwerevu anabandika karatasi ukutani. Mwenzake anasubiri mambo yaharibike ndipo amlaumu mgeni. Kabla ya kulipa, uliza betri ina umri gani, inveta ni ya wati ngapi, na nani mwingine kwenye lupango ameunganishwa humo. Swali hilo la tatu ndilo wageni wanalolisahau, na friji ya jirani ndiyo inayomaliza betri kabla ya usiku wa manane.

Maji nayo yanakaguliwa kwa hesabu, wala si kwa kufungua bomba mara moja na kuridhika. Kuoga kwa ndoo ni lita 15 au 20, choo cha kuvuta kinameza lita 6 hadi 9 kila mara, na ukijumlisha kupika na kufua kidogo, weka lita 60 kwa mtu kwa siku. Tanki la lita 1,000 kwenye lupango la watu wanane linatosha siku mbili tu Regideso, shirika la maji, wakikata. Ukikuta hakuna tanki ila bidoni nne za lita 20 nyuma ya mlango, hayo ni maji ya siku moja kwa mtu mmoja, na mengine utayanunua au utayabeba.

Kwa masista na kwenye prokure za misioni mambo haya kwa kawaida yameshafikiriwa kitambo. Wabenediktini walifika hapa 1910, mwaka mji wenyewe ulipoanzishwa, na Wasalesiani 1911. Prokure zilijengwa kwa ajili ya mapadri waliotoka vijijini kuja kuchukua mahitaji, wakisubiri siku kadhaa kabla ya kurudi. Ni nyumba zilizozoea mtu anayekaa, si anayepita. Chumba ni kitanda, meza, kiti, beseni na chandarua. Asubuhi chai na mkate kwa saa iliyopangwa, ukichelewa basi. Wanaozikataa wana sababu zao: geti linafungwa mapema, mara nyingi saa tatu au saa nne usiku, pombe hairuhusiwi, na baadhi hawapokei mume na mke bila uthibitisho wa ndoa. Ni kweli, kwa mfanyabiashara anayekutana na wateja wake usiku, geti hilo ni jela. Lakini watu haohao wanaolalamikia geti ndio wanaosema hoteli ni salama zaidi. Geti linalofungwa saa nne na kila aliye ndani akajulikana kwa jina ndio usalama wenyewe. Korido ya hoteli ambayo mtu yeyote anaweza kuipita akielekea baa haina hilo.

Lupango nalo lina ulinzi wake: macho. Uani kwenye familia tatu au nne, mtu asiyejulikana hafiki mlangoni pako bila mama mmoja kumuuliza anamtafuta nani. Upande wa pili, macho hayohayo yameona sanduku lako na namna ulivyohesabu dola ukilipa. Kwa hiyo njoo na kufuli yako, hakikisha mlango una komeo la ndani, uliza ufunguo wa pili anao nani, na malipo yafanyike ndani, si uani.

Kontena ni jipya zaidi, limetoka kwenye kambi za migodi likaingia mjini. La futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita 5.9 kwa 2.35: kitanda, meza, na bafu dogo mwishoni. Likifanywa vizuri ni chumba kizuri, na linapendeza kuliko vyumba vingi vya matofali vilivyomalizwa kwa haraka. Likifanywa vibaya ni tanuri mchana, na usiku wa Juni chuma kinapopoa, mvuke wa pumzi unageuka maji darini na kudondoka kitandani. Watu wawili waliolala usiku mzima wanatoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa kupumua na kutoka jasho. Tazama kama kuna paa la pili la mabati lililoinuliwa juu ya lile la chuma ili hewa ipite katikati, kama kuta zimewekewa povu ndani, na kama matundu ya hewa yanatazamana. Kisha tazama mlango. Milango ya asili ya kontena inafungwa kwa vyuma vya nje peke yake. Kama mlango unaolalia ni ule ule, bila mwingine uliokatwa ubavuni unaoweza kufunguliwa ukiwa ndani, usilale humo hata ukipewa bure.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye kontena wala kwenye kufuli. Iko kwenye mbabula, jiko la makala (makaa). Juni na Julai usiku wa Lubumbashi unashuka chini ya nyuzi 10, na mwenye nyumba mwenye huruma anamletea mgeni makala chumbani. Makala yaliyokwisha kushika, mekundu, yasiyotoa moshi, ndiyo yanayodanganya: hewa ya sumu inayotoka humo haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kukohoa. Anaanza na kichwa kuuma, anadhani ni uchovu wa barabara. Jenereta ndogo ya petroli iliyowekwa barazani chini ya dirisha inafanya vivyo hivyo. Omba blanketi ya pili, mbabula ibaki uani. Hapa hoteli zinashinda kabisa, maana hakuna anayekuletea makala kwenye ghorofa ya pili.

Zinashinda pia kwenye karatasi. Hoteli iliyosajiliwa inatoa fakture (ankara) yenye TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na ofisi ya mhasibu inaipokea bila maswali. Chumba cha lupango kinatoa kipande cha daftari, pengine hata hicho hakuna. Wenye hoteli wanapolalamika kwamba wao wanatozwa kodi huku jirani akipangisha vyumba vitano kimyakimya, wanasema ukweli, na hoja hiyo haijibiwi kwa kusema kwamba jirani ni maskini. Wengine si maskini hata kidogo. Kuna pia fiche ya wageni, fomu ya kuandikisha anayelala. Hotelini inajazwa mezani, nyumbani inasahaulika, na siku maofisa wakibisha hodi mwenye nyumba ndiye anayehangaika kueleza mgeni huyu ni nani. Dawa yake ni ndogo: nakala ya kitambulisho au pasipoti kwa mwenye nyumba, na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) ajulishwe siku ileile ya kufika. Mwenye nyumba anayekataa jambo hilo amekwambia mengi.

Kuhusu kulala kwa ndugu, wengine wanaiita malazi ya bure. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Piga hesabu ya gunia la makala, unga wa bukari (ugali), samaki na pesa za wapwa zinazoombwa kwa haya mlangoni. Kwa safari ya wiki mbili, masista wanaweza kutoka rahisi, na undugu ukabaki mzima.

Anayekaa usiku mmoja hana faida kubwa ya kuzunguka mji akikagua betri na matundu ya hewa. Muda huo nao ni pesa. Anayekaa kuanzia usiku wa tatu ndiye anayelipa mazutu ya watu wengine. Na ndege ikitua Luano saa tano usiku, geti la masista limeshafungwa na mama mwenye lupango amelala. Usiku huo lala hotelini, chukua fakture, na asubuhi kabla ya saa nne, muda wa kutoa chumba haujafika, nenda ukague kingine kukiwa na mwanga.