Bei ya Leseni Si Kisingizio Tena cha Kutofundisha Usanifu wa Chipu

Ukiuliza kwa nini wanafunzi wa uhandisi hapa Uganda wanahitimu bila kusanifu chipu hata moja, utaambiwa leseni ni ghali. Programu za Cadence na Synopsys, kampuni zinazouza programu za kusanifu chipu, ni ghali kweli, hilo silibishi. Ninalobisha ni kwamba hizo ndizo njia pekee. Vyuo vikuu vya wenzetu vimekuwa vikiandika programu za kazi hii na kuzigawa bure tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nianze na Magic, kwa sababu ndiyo ninayoipenda zaidi. Iliandikwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na John Ousterhout pamoja na wanafunzi wake. Unachora chipu kwa kupaka rangi. Kijani ni eneo la silikoni lililotiwa kemikali, nyekundu ni polisilikoni (tabaka la silikoni linalopitisha umeme), na pale nyekundu inapokatiza juu ya kijani umepata transista, yaani swichi ndogo ya umeme. Ukisogeza nyaya mbili karibu kuliko kiwanda kinavyoruhusu, alama za kosa zinatokea papo hapo, ungali unachora. Mwanafunzi anajifunza kanuni za kiwanda kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mhadhara wa saa mbili hauwezi kumpa. Na kwa kuwa ilizaliwa enzi ambazo kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko simu ya leo, laptopu ya mtumba inaimudu bila taabu.

Kupima kama saketi itafanya kazi, ipo SPICE, nayo ya Berkeley, ya mwaka 1973. Aliyeiandika ni Laurence Nagel, na Profesa Donald Pederson ndiye aliyeshikilia kwamba kazi hiyo wapewe watu wote. Uamuzi wa profesa mmoja umesomesha wahandisi wa dunia nzima. Leo tunaipata kwa jina la ngspice. Kwa saketi kubwa, programu ya Yosys hugeuza maelezo ya saketi yaliyoandikwa kwa lugha ya Verilog kuwa mageti (saketi ndogo za mantiki), kisha OpenROAD, mradi ulioanza mwaka 2018 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego, huyapanga na kuyaunganisha mageti hayo mpaka ipatikane ramani ya kupeleka kiwandani.

Palibaki kizuizi kimoja kikubwa. Viwanda vilificha vipimo vyao, yaani kanuni na data ambazo msanifu hana budi kuzifuata ili chipu yake itengenezeke, na huvioni mpaka utie saini mkataba wa siri. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani wakavifungua kwa watu wote vipimo vya teknolojia ya nanomita 130 (kadiri namba hii inavyopungua, ndivyo transista zinavyokuwa ndogo). Leo mwanafunzi aliye Mbarara au Kyambogo anavipakua vile vile kama anavyovipakua aliye Boston.

Kuna watakaosema nanomita 130 ni teknolojia ya zamani. Ni kweli, ilikuwa kilele cha ufundi takriban mwaka 2001. Lakini tunataka chipu za kazi gani? Mita ya umeme wa kulipia kabla, Yaka, ukutani, kidhibiti cha betri ya bodaboda ya umeme, kifaa cha kupima unyevu wa shamba la kahawa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai ufundi wa simu ya kisasa. Mafundi wa simu wa Kampala kila siku wanabandua aisii (chipu) ya chaji iliyokufa na kuchomelea nyingine kwa ustadi wa ajabu. Mikono tunayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaonyesha vijana wetu kilichomo ndani ya aisii ile.

Lipo jambo jingine linaloniuma. Leseni isiponunulika, vijana hutafuta programu iliyovunjwa kufuli, wakaipakia pamoja na virusi vyake, kisha wakaogopa kuitaja kwenye ripoti ya mradi. Tunawazoesha wizi kabla hawajaanza kazi, ilhali zana halali zipo, na ndani yake unaweza kusoma msimbo wote na hata kuurekebisha.

Kuchapa chipu yenyewe bado kunahitaji pesa. Miradi kama Tiny Tapeout hupunguza mzigo kwa kuweka kazi za watu wengi kwenye chipu moja na kugawana gharama. Hata pesa hiyo isipopatikana, kusanifu na kupima hadi hatua ya mwisho ni bure. Jirani zetu wa Kenya tayari wana kampuni ya semikondakta Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na wahandisi wake hawakushuka kutoka mbinguni.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahadhiri ni dogo, na muhula ujao unatosha kulianza. Wekeni Linux kwenye kompyuta za maabara, pakieni Magic na ngspice pamoja na vipimo vya SkyWater, na kila mwanafunzi wa mwaka wa 2 achore kigeuzi cha transista mbili (saketi inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0), akipime, kisha atetee kila mstari aliouchora mbele ya wenzake.