Dozi moja, maelezo nusu

Aprili 2024 chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilibadilika nchini Tanzania. Tangu ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa ya wasichana wa miaka 14 peke yao, na kila mmoja alichomwa mara mbili, miezi sita ikipita katikati. Sasa ni dozi moja, na wanaopata ni wa miaka 9 hadi 14. Kwa Dar es Salaam, mji wa wapangaji, badiliko hili ni kubwa. Msichana aliyechomwa Temeke, kodi ikapanda, familia ikahamia Chanika, dozi ya pili ilikuwa rahisi kumpotea.

Ila wazazi wana swali lao: dada yake alichomwa mbili, huyu mdogo moja, dawa imepungua? Barua aliyoniletea binti yangu kutoka shuleni ilikuwa na tarehe, saa na maneno "chanjo ya saratani". Basi.

Na jibu lipo, tena limetoka hapa hapa nchini. Mwanza ulifanyika utafiti uitwao DoRIS, uliohusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha kwamba miaka miwili baadaye karibu wote waliochomwa mara moja walikuwa na kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza, dhidi ya aina ya 16 na 18 za virusi vya HPV, aina mbili zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Kiwango cha kingamwili kilikuwa chini kuliko cha waliochomwa zaidi, lakini kilitulia. Kenya nako utafiti mwingine ulipima maambukizi yenyewe, na dozi moja ikakinga vizuri. Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Inaniuma kwamba mama wa Mbagala hajaambiwa kuwa ushahidi huu umetoka kwa watoto kama wake.

Ni kweli pia kwamba chanjo hii iliwahi kuwa adimu duniani, ndiyo maana tulianza na umri mmoja tu. Wako wanaoona hilo lisisemwe, kwa sababu watu watasikia "kubana matumizi" na kuishia hapo. Hofu yao naielewa. Lakini mzazi anayeuliza kama dawa imepungua tayari ameshawaza hilo, na ukikwepa unamthibitishia.

Mvutano mkubwa uko kwenye neno jingine. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na ndiyo sababu chanjo hutolewa mapema, kabla msichana hajakutana na virusi. Matangazo mengi hupita pembeni ya jambo hili. Hoja ya kunyamaza ina uzito: ukitamka ngono kwenye spika ya gari la matangazo Tandale saa kumi jioni, baba aliyekaa barazani anasikia kwamba binti yake wa miaka tisa anaandaliwa kwa uhuni, na mlango unafungwa. Muuguzi aliyepewa asubuhi moja kwa shule nzima hana muda wa kuufungua.

Hata hivyo, ukimya huo unaacha nafasi, na uvumi wa kufunga uzazi unaijaza. Jina lenyewe linausaidia. Sema "chanjo ya mlango wa kizazi" haraka haraka, uone anayesikiliza anabaki na neno gani. Isitoshe, ukimya tumeshauzoea: tulikaa zaidi ya mwaka bila takwimu za korona, kisha Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa chanjo ya korona mbele ya kamera. Lilikuwa jambo jema, lakini picha ya siku moja haifuti ukimya wa mwaka. Kwa hiyo mimi nasema mzazi aelezwe yote, kwenye kikao cha wazazi, uso kwa uso. Mtoto aelezwe kwa kadiri ya umri wake. Kuna la faragha pia: Shirika la Afya Duniani linashauri wenye VVU wapate angalau dozi mbili. Hilo lisitajwe kwenye mstari wa kuchanjwa, mahali pake ni CTC, kliniki ya wenye VVU.

Njia ya shule nayo siipingi. Wasichana wengi wa umri huo wako darasani, na kisanduku kimoja cha baridi cha kubebea chanjo kinawafikia mamia kwa siku. Lengo la dunia ni wasichana 90 kati ya 100 ifikapo 2030. Tatizo ni kwamba unaweza kufika 90 na kila mwaka ukawaacha wale wale kumi.

Hapa Dar miongoni mwao wamo dada wa kazi, waliotoka mikoani, wengine hawajafikisha hata umri ambao sheria inaruhusu kuajiriwa. Barua ya shule haiwafikii, na mama mwenye nyumba hajui kama ana haki ya kuwakubalia. Kumfuata mmoja mmoja ni gharama, muuguzi anaweza kutembea siku nzima akachanja wanne. Lakini mjumbe anazijua nyumba zao, na zahanati ikifungua dirisha la chanjo Jumamosi mchana, dada aliyetumwa sokoni anaweza kupita, akachanjwa bure, na kurudi kabla hajaulizwa alikuwa wapi.