Msiiite 142,857 Namba Mbovu

Jumamosi tulivunja kikoba. Tuko saba, na faida ilikuwa milioni moja kamili. Mweka hazina akabonyeza simu, akakunja uso: 142,857.142857. "Namba mbovu hii, haina mwisho." Akaandika 142,000 kwa kila mtu, na elfu sita iliyobaki ikanunua soda. Sikubishana, ila neno "mbovu" limenikaa moyoni mpaka leo.

Faida ingekuwa milioni mbili, kila mmoja angepata 285,714. Tatu: 428,571. Nne: 571,428. Tano: 714,285. Sita: 857,142. Zitazame taratibu. Ni tarakimu zilezile sita, kwa mpangilio uleule, zinapokezana kama zamu za upatu. Na 142,857 mara saba ni 999,999, inabaki shilingi moja tu sandukuni.

Kuna wanaoisambaza kwenye magrupu kama namba ya miujiza. Hilo nalo linaniuma, kwa sababu siri yake iko wazi kwa yeyote mwenye penseli. Gawanya moja kwa saba. Teremsha sufuri: kumi kwa saba ni 1, baki 3. Thelathini: 4, baki 2. Ishirini: 2, baki 6. Sitini: 8, baki 4. Arobaini: 5, baki 5. Hamsini: 7, baki 1. Umerudi ulikoanzia! Ukigawanya kwa saba, ukiacha sufuri, baki zinazowezekana ni sita tu, na zote zimepita, kila moja mara moja. Anayeanza na mbili anaingia kwenye duara hilohilo pale baki ilipokuwa 2, ndiyo maana jibu lake linaanza 2, 8, 5.

Si kila namba tasa ina tabia hii. Kwa 13, baki zinagawanyika makundi mawili. Kwa 17 zinapita zote kumi na sita, unapata 0588235294117647. Zidisha kwa mbili uone zinavyozunguka. Mwaka 1927 mwanahisabati Emil Artin alikisia kwamba namba tasa za aina hii hazina mwisho. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

Sawa, simu ni ya haraka, na watu wakisubiri hela zao hakuna atakayevumilia hesabu ya karatasi. Lakini simu inatoa jibu na kuficha baki, na uzuri wote uko kwenye baki. Mtoto asiyewahi kuteremsha sufuri kwa mkono wake ataliona jibu bila kujua lilikotoka. Walimu, nawaomba, msiiharakishe hesabu ya kugawanya.

Usiku ule nilimwekea binti yangu wa miaka kumi karatasi. Alipofika baki 1 akanyanyua penseli: "Mama, imerudi."

Asubuhi nilikuta karatasi nyingine mezani. Alikuwa amejaribu 19 peke yake. Amefika tarakimu ya kumi na moja, na pembeni amezipanga baki zake kwa safu, hakuna hata moja iliyojirudia.