WALL-E kwa macho ya Dar: roboti anayechambua taka

Ukiionyesha filamu ya WALL-E kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video, cha Manzese au Mbagala, mtafsiri atakaa karibu dakika 40 bila kazi. Sehemu yote ya mwanzo haina mazungumzo ya maana. Ni roboti mmoja mwenye kutu, mende mmoja, na mlima wa taka. Ben Burtt, yule aliyetengeneza sauti za Star Wars, ndiye aliyempa roboti huyu sauti yake, na macho yake yametokana na darubini ya kushika mkononi: mirija miwili inayoinama na kuinuka, basi. Hana mdomo wala nyusi, lakini mtoto wa miaka minne anajua ni lini ameogopa na ni lini amefurahi.

Filamu hii ya katuni ilitolewa na Pixar mwaka 2008, mwongozaji akiwa Andrew Stanton, ikashinda Oscar ya filamu bora ya katuni. Kwa ambaye hajaiona: ni mwaka 2805. Dunia imefunikwa na taka na watu walishaihama miaka 700 nyuma, wakapanda vyombo vya anga vya kampuni iitwayo Buy n Large, iliyokuwa ikiuza kila kitu na kuendesha kila kitu. Safari ilipangwa kuwa ya miaka 5. Roboti wa kubana taka waliachwa wasafishe, wakafa mmoja mmoja hadi akabaki huyu, WALL-E. Anatua EVE, roboti wa kisasa aliyetumwa kutafuta dalili ya uhai, naye anaupata mche mmoja ambao WALL-E alikuwa ameuhifadhi kwenye buti kuukuu. Mche unapelekwa kwenye chombo kiitwacho Axiom, ambako watu wanene hawainuki vitini na usukani umeshikwa na mashine iitwayo AUTO.

Ukiitazama ukiwa Dar es Salaam, unaweza kuisoma kwa namna mbili. Ya kwanza: hili ni onyo letu sisi, kwa sababu ule mlima wa taka tunao kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi. Ya pili: haituhusu, ni hofu ya watu walioshiba hadi wakachoka, wakati hapa shida ya wengi ni kazi kuwa ngumu mno, si starehe kuzidi. Kila upande umeshika nusu ya jambo, na nusu zenyewe zinaonekana vizuri tukianza na taka.

Kazi ya WALL-E ni kuingiza taka tumboni, kuzibana, kutoa kipande chenye umbo la boksi na kukipanga juu ya kingine. Kiufundi, hiyo ni njia mbaya ya kushughulikia taka za Dar. Sehemu kubwa ya taka zetu ni za jikoni na sokoni: maganda ya ndizi, ya muhogo, mabaki ya mboga. Zibane zikiwa mbichi, maji machafu yatachuruzika hadi kwenye mtaro, na zile zitakazobaki ndani bila hewa zitaoza na kutoa methani, gesi inayoshika moto. Kadiri zinavyooza ndivyo zinavyosinyaa, kwa hiyo mnara wa vipande uliosimama wima Januari utakuwa umeinama kabla masika hayajaisha. Katika filamu kila kitu kimekauka kwa karne nyingi, ndiyo maana minara imesimama.

Halafu kubana taka zikiwa zimechanganyika kunaua thamani yake. Chupa ya maji haikai chini Kariakoo muda mrefu. Kuna mtu anaiokota, kwa sababu ina bei kwenye mizani. Mfuko laini wa plastiki haukuwa na bei, ukabaki barabarani, ukaziba mitaro hadi ukapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Lakini chupa yenyewe ina bei ikiwa imechambuliwa tu. Kifuniko kinatolewa kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine: ukisaga vyote na kutumbukiza ndani ya maji, plastiki ya chupa, yenye uzito wa takriban gramu 1.38 kwa kila sentimita moja ya ujazo, inazama, na ya kifuniko inaelea. Chupa nyeupe zinatengwa na za bluu na za kijani. Adui mkubwa ni vipande vya PVC, plastiki ya mabomba, kwa sababu navyo vinazama na maji hayawezi kuvitenga. Vikiingia kwenye joto la nyuzi 250 hivi, linaloyeyusha plastiki ya chupa, vinaungua, vinatoa asidi na kuufanya mzigo wote kuwa wa manjano na wa kukatikakatika. Mkono wa mwokota chupa unalizuia tatizo hilo kabla halijafika kiwandani. Mashine za kuchambua kwa kamera na miale ya infraredi zipo duniani, ila zinasumbuliwa na plastiki nyeusi, kwa kuwa rangi ile inaimeza miale, na taka zilizolowana na kupakwa matope zinazipa shida zaidi.

Hapo ndipo filamu inakuwa na akili kuliko wanavyodhani wanaoibeza. WALL-E ameumbwa abane, lakini yeye anachambua. Kabla ya kubana anatoa kitu, anakigeuza, anakiangalia, anakitia kwenye kisanduku chake cha baridi, na jioni anavipanga vyote kwenye rafu. Kuna tukio moja dogo linalostahili kurudishwa nyuma na kutazamwa tena: anaokota kisanduku chenye pete ya almasi, anakifungua, anaitupa pete na kubaki na kisanduku. Amefurahia jinsi kinavyofunguka na kujifunga. Watu wengi hucheka hapo, lakini kwangu ndiyo picha muhimu kuliko zote. Ana kipimo chake mwenyewe cha thamani, na hakuna aliyempa.

Abiria wa Axiom ni kinyume chake. Tangazo linasema rangi ya leo ni bluu, wanabonyeza kitufe, nguo zote zinageuka bluu kwa pamoja. Uvivu wao ni jambo dogo. Kinachotisha ni kwamba hakuna hata kimoja wanachokichagua. Wapo waliolalamika kwamba filamu inawacheka watu wanene, na lalamiko hilo lina msingi, maana kwa mtoto anayetazama, unene ndio unaobaki kichwani. Hoja ya kiafya iliyo nyuma yake ni ya kweli hata hivyo: mifupa isiyobeba uzito hudhoofika. Wanaanga hupoteza takriban asilimia 1 ya uzito wa madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi, na hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku ili kupunguza hasara hiyo.

Mwili wa roboti mwenyewe nao haudumu kama filamu inavyodai. Paneli ya sola hupungua nguvu kwa kiasi cha nusu asilimia kwa mwaka. Chukua paneli ya wati 300, iache miaka 700, itabaki na wati 9 hivi, na hapo hatujahesabu vumbi. Betri ndiyo ingetangulia. Hata zile za lithiamu zinazovumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa hazifiki miaka 30 zikichajiwa kila siku. Filamu inajitetea kwa njia ambayo fundi yeyote wa simu pale Kariakoo ataikubali: WALL-E anachuna vipuri kutoka kwa wenzake waliokufa. Minyororo ya magurudumu ikichakaa, anavaa ya marehemu.

Kuhusu AUTO, wengi husema ni mashine iliyoasi. Si kweli, na kosa hili linaharibu mjadala mzima wa akili unde (AI). AUTO anatii. Mwaka 2110 mkuu wa Buy n Large alituma amri ya siri: dunia haisafishiki, msirudi, mashine ishike usukani. Miaka 695 baadaye mche umepatikana, amri imepitwa na wakati, na AUTO bado anaitekeleza kwa uaminifu. Anayefunga jenereta zinazojiwasha anaijua hatari hii. Paneli yake ina swichi ya nafasi tatu, ya otomatiki, ya sifuri na ya mkono. Fundi asiyeipeleka kwenye sifuri na kuchomoa waya hasi wa betri kabla hajagusa injini anaweza kukatwa vidole umeme wa gridi ukikatika ghafla, maana jenereta itawaka kama ilivyoagizwa. Amri ya mashine inahitaji tarehe ya kupitiwa upya, sharti la kuifuta, na swichi ya mkono. Waliomwachia AUTO usukani waliweka swichi peke yake, na nahodha ilimbidi asimame kwa miguu yake mwenyewe ndipo aifikie.

Upande wa pili, wa wanaosema filamu haituhusu, una haki kubwa mahali pamoja. Katika dunia ya WALL-E wanadamu wote waliobaki wako kwenye chombo, wameketi. Hakuna aliyeokota, hakuna msukuma guta, hakuna mama wa dampo. Ile kazi iliyompa roboti utu, hapa Dar inafanywa na watu, wengi bila glovu, na filamu haina nafasi hata ya kuwauliza walienda wapi. Kwa mji kama huu, swali la kama mashine ya kuchambua inafaa linaanza na mtu anayechambua sasa: ataiendesha yeye, au italetwa ili aondoke? Kutenga taka mbichi na kavu nyumbani kungemsaidia mwokota chupa kuliko roboti yeyote, na kungeifanya hata hiyo mashine ifanye kazi pale itakapokuja.

Karibu na mwisho, WALL-E anaharibika na EVE anambadilishia bodi. Anawaka, betri imejaa, kila kiungo kinafanya kazi. Lakini hamjui EVE, na anaanza kubana vitu vile vile alivyovikusanya miaka yote. Fundi simu atakwambia ndivyo inavyokuwa: chipu ya kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi, ukibadilisha bodi simu inapona na picha zinapotea. Filamu inamrudishia kumbukumbu kwa kushikwa mkono, na kiufundi hilo halina maelezo. Ila zile dakika kabla hajashikwa ni za kweli kabisa: mashine nzima, isiyo na hitilafu, inasaga rafu yake yenyewe bila kuangalia kuna nini ndani.