Miguu ya mbele ya gari kuukuu: kubadili yote au kinachogonga tu?

Gari lililokwisha kupita miaka 15 barabarani likiingia gereji yoyote ya Mwanza, iwe Igoma au Nyegezi, huku likigonga miguu ya mbele, mwenye gari hupewa mojawapo ya ushauri wa aina mbili. Fundi mmoja atamwambia anunue seti nzima, yaani boljointi (kiungo cha mviringo kinacholishika gurudumu kwenye wishiboni, mkono wa chuma unaoliunganisha na bodi), tairodi na raki endi (fimbo zinazopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu), bushi za wishiboni (mipira ya maungio ya mkono huo), linki za stebilaiza (vijiti vya chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona) na, mfuko ukiruhusu, shokapu. Mwingine atamwambia abadili kile kinachogonga tu, vingine aviache mpaka navyo vianze kulia. Ushauri wote huu una watu makini wanaouamini, na si haki kuupuuza wowote kabla ya kuupima.

Wanaotetea seti nzima huanzia kwenye gharama ya ufundi. Ili kuitoa wishiboni na kubadili bushi zake, ni lazima boljointi itenganishwe kwanza, kwa hiyo anayebadili bushi leo na boljointi baada ya miezi miwili analipa kufunguliwa bolti zilezile mara mbili. Zaidi ya hayo, kila tairodi au raki endi inapobadilishwa, mkao wa matairi hubadilika na gari hupaswa kurudi kwenye mashine ya alaimenti. Anayenunua kipande kimoja kimoja atailipia alaimenti kila mara au, kama inavyotokea kwa wengi, ataacha kuilipia kabisa, na baada ya muda si mrefu tairi jipya litakuwa limelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Hoja yao nyingine ni umri: mpira wa bushi hauchoki kwa kilomita peke yake, bali pia kwa joto, kwa oili inayoudondokea na kwa miaka, na mguu wa kushoto umepita makorongo yaleyale ya Igogo na Bugarika uliyopita mguu wa kulia.

Upande wa pili una hoja ya fedha, lakini si hiyo peke yake. Ni kweli kwamba dereva wa teksi anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawezi kulisimamisha gari siku tatu huku akikusanya fedha ya seti. Hoja iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya ubora wa spea. Boljointi iliyotoka kiwandani pamoja na gari, kama kifuniko chake cha mpira hakijachanika na grisi bado imo ndani, inaweza kudumu kuliko mpya ya bei ya chini isiyojulikana imetengenezwa na nani. Kuitoa iliyo nzima ili kuweka isiyoaminika ni kulipia hasara. Tena, seti nzima ni kichaka kizuri cha kujifichia fundi asiyejua kupima: hubadilisha kila kitu, na mlio ukibaki, kwa sababu tangu mwanzo ulitoka kwenye mauntingi, yaani kishikizo cha shokapu huko juu, mwenye gari huwa amekwisha kulipa.

Kinachonisumbua katika mjadala huu ni kwamba vifaa vyote huhesabiwa kana kwamba vina hatari moja. Linki ya stebilaiza ikiisha hupiga kelele kwenye kila kishimo, lakini hata ikikatika, gari hulala zaidi kwenye kona tu. Gurudumu halitoki mahali pake. Boljointi, kwa upande mwingine, inaweza kulegea kwa muda mrefu bila kelele ya kutisha, na siku ikichomoka gurudumu hukunjika, gari hukaa chini upande huo na usukani haumtii tena dereva. Tairodi nayo ikichomoka, tairi moja hufuata njia yake. Anayesubiri mlio, basi, huenda akashughulikia haraka kisicho na hatari na kukiacha chenye hatari. Jambo hili lina uzito zaidi tangu daraja la Kigongo hadi Busisi juu ya Ziwa Victoria, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025: gari ambalo zamani lilipumzika likisubiri kivuko sasa linapitiliza mpaka Sengerema na Geita, na tairodi iliyolegea haileti hatari ileile kwenye mwendo wa mjini na kwenye mwendo wa safari.

Kwa sababu hiyo uamuzi uanzie kwenye kupima, na upimaji wenyewe hauhitaji mashine ya gharama. Gari likiinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, tairi hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa huku mtu mwingine akiziangalia tairodi kwa chini. Kisha hushikwa juu na chini. Likicheza juu na chini, mtu akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu ndiyo ya kushukiwa, na ukibaki, boljointi iangaliwe. Hapa aina ya gari ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye IST au Corolla, uzito hupita kwenye springi na shokapu, na boljointi ya chini kazi yake ni kuongoza gurudumu. Kwenye Mark II yenye wishiboni ya juu na ya chini, springi huikandamiza wishiboni ya chini, kwa hiyo jeki isipowekwa chini ya wishiboni hiyo, boljointi hubaki imebanwa na ulegevu wake hauonekani. Fundi anayeyapima magari hayo mawili kwa namna moja anabahatisha.

Kikipatikana kilicholegea kati ya boljointi, tairodi na raki endi, hakuna mjadala: kibadilishwe, na gari lisisafiri kabla ya hapo. Kilicho jirani, ambacho hufunguliwa kwa kazi hiyohiyo, kibadilishwe pia kama mpira wake umepasuka. Linki inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Shokapu zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia, hata kama ni moja tu inayovuja.

Kuhusu mtumba, nafikiri lawama na sifa zote hutolewa kwa jumla mno. Wishiboni ya mtumba ni chuma. Kama haijapinda wala kuliwa na kutu, haina ubaya, ilimradi ifungwe bushi mpya. Raki nzima ya mtumba, yaani chombo cha usukani kinachofungwa raki endi, nayo inaeleweka kwa bei ya mpya ilivyo. Lakini boljointi ya mtumba ni kununua umri ambao hakuna anayeujua, na shokapu ya mtumba iliyobonyezwa kwa mkono dukani haijathibitisha chochote. Boljointi iliyolegea kisha ikachomelewa isikubaliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma na sehemu laini zilizomo ndani.

Ufungaji nao unaweza kuibatilisha hoja ya upande wowote. Nati ya boljointi inayofungwa kwa pini, mkato wake usipolingana na tundu la pini, huongezwa kukazwa mpaka mkato unaofuata ulingane, hairudishwi nyuma, na pini ya zamani haikunjwi tena. Bushi za wishiboni za mpira zina kosa lake linalorudiwa mno: mpira umeshikana na chuma cha ndani na cha nje, hivyo bolti ikikazwa mguu ukining'inia hewani, gari likishuka mpira huwa umejinyonga tayari, na bushi mpya huchanika mapema. Hapo mwenye gari hulaumu duka, na fundi huuza seti nyingine. Bolti hizo hushikizwa tu gari likiwa juu, kisha hukazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake, na alaimenti hupimwa baada ya hapo, si kabla.