Mgeni njoo, mwenyeji augue

"Kaka, Outlook imegoma."

Ndivyo ilivyoanza Jumatatu yangu, saa mbili na nusu asubuhi. Mpigaji ni dada wa uhasibu kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Anabofya, kinatokea kile kibango cha buluu chenye jina la programu, kinasema kinapakia profaili, halafu kimya. Baada ya muda kibango kinatoweka kama hakijawahi kuwepo. Ameshazima na kuwasha kompyuta mara nne. Kontena liko bandarini, nyaraka ziko kwenye imeili.

"Umegusa nini?" nikamuuliza. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku hiyo.

"Sijagusa kitu."

Miaka yote ninayohangaika na kompyuta za watu sijawahi kukutana na mtu aliyegusa kitu. Nimekuja kuona kwamba ubaya uko kwenye swali lenyewe. Ni swali la kipolisi, na ukimuuliza mtu kipolisi atakujibu kama yuko kituoni. Kwa hiyo nikageuza: "Ijumaa ulikuwa unahangaika na kazi gani?" Hapo maneno yakatoka yenyewe. Alikuwa na PDF mbili, ankara na orodha ya mizigo, mteja anataka ziwe faili moja. Akaingia mtandaoni, akapata programu ya bure, akaishusha, akabofya "Next" mpaka zikaisha. Kuigusa Outlook hakuigusa kweli. Hakuwa muongo.

Msimamo wangu ni huu: programu ya imeili ikigoma kufunguka siku chache baada ya kuweka kitu kipya, mwacheni mwenyeji, mshikeni mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwenye kompyuta mara nyingi mgeni akiingia mwenyeji ndiye anayeugua. Sisi tunamwadhibu huyohuyo mgonjwa. Tunaing'oa Outlook, tunaiweka upya, inagoma vilevile, maana mgeni bado amejinyoosha sebuleni.

Mtu atauliza programu ya PDF na Outlook zinajuana wapi. Zinajuana sana. Wakati inajiweka, ile ya PDF hupachika kitufe chake ndani ya Outlook ili uweze kugeuza ujumbe kuwa PDF kwa kubofya mara moja. Antivairasi nayo hujipachika ikague viambatisho. Programu ya mikutano vilevile. Hizo ndizo programu-jalizi. Kila Outlook inapoamka huziita moja moja kabla haijafungua dirisha lake, na akiwepo mmoja anayeitika vibaya, au asiyeitika kabisa, msafara mzima unasimama mlangoni.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilifungua Task Manager. OUTLOOK.EXE ilikuwa bado inapumua chini kwa chini tangu majaribio ya asubuhi, nikaizima. Kisha nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika outlook.exe /safe, na hapo kabla ya mkwaju iko nafasi moja, usiisahau. Hiyo ni njia ya kuifungua bila kuita programu-jalizi. Ikafunguka palepale, barua zote zikiwa mahali pake. Dada akasema "kumbe!" na mimi nikashusha pumzi, kwa sababu hapo nilishajua akaunti ni nzima na faili la barua ni zima. Wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya imeili, wanashikilia Shift wakati wa kuifungua. Ninaongelea Outlook ile ya zamani, lakini. Ile mpya ya Windows haipokei programu-jalizi za aina hii.

Baada ya hapo ni File, Options, Add-ins, kisha pale chini unachagua COM Add-ins na kubofya Go. Kulikuwa na tiki nne. Nikatoa ya PDF, nikafunga, nikafungua kawaida. Ikaitika. Kama humjui mkosaji, toa tiki zote, halafu rudisha moja moja huku unafungua na kufunga. Inachosha kama kuchambua mchele wenye mawe, lakini jiwe utalipata.

Kisha nikamwonyesha kitu ambacho nashangaa mafundi wengi hawakitumii. Windows ina daftari lake: andika perfmon /rel kwenye dirisha lilelile dogo. Linatokea jedwali la siku kwa siku, programu zilizowekwa zina alama yake, zilizokwama zina msalaba mwekundu. Shahidi huyu hana "sijagusa kitu". Tukabofya Ijumaa. Dada aliita programu moja, zikaingia tatu: ile ya PDF, antivairasi ya majaribio, na nyingine inayodai kusafisha kompyuta.

"Hizi mbili mimi sikuziita," akasema, na safari hii alicheka.

Hakuziita kweli. Kwenye moja ya zile "Next" palikuwa na viboksi vimeshatiwa tiki. Kumtilia mtu tiki kwa niaba yake ukijua hatasoma, kwangu mimi ni utapeli, hata kama umeandikwa kwa herufi ndogo na una kitufe cha kukataa.

Sasa kilichonifanya niandike haya. Wakati naingia, bosi wake alikuwa ameshampigia simu fundi mwingine, na fundi bila hata kuiona mashine alishatoa dawa: "Tupige window upya," yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows mpya. Ofisi hii inatumia POP, njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva, kama ofisi nyingi ndogo. Barua zinashuka kwenye faili la PST lililo humohumo kwenye kompyuta, ndani ya Documents, folda ya Outlook Files. Lao lilikuwa na GB 11. Na Outlook kwa mpangilio wake wa kawaida huondoa nakala kwenye seva baada ya siku 14. Mpige window bila kunakili faili hilo, mtabaki na barua za wiki mbili na mashine inayong'aa.

Sisemi kupiga window ni haramu. Diski ikianza kufa, utapiga tu. Lakini hata /safe ikikataa, kabla ya kupiga window kuna kutengeneza profaili mpya kupitia Mail kwenye Control Panel, na kuna scanpst.exe ya kurekebisha faili la barua. Ila lolote lile, funga Outlook, nakili PST kwenye diski ya nje, ndipo uanze ushujaa.

Zile programu mbili zisizoalikwa tuliziondoa. Nilipokuwa nafunga begi dada akaniita tena, uso umemkunja kidogo.

"Na PDF zangu nitaziunganishaje sasa?"

Nikamwambia programu yake ipo palepale kwenye desktopu, nilichokata ni ule mkono wake uliokuwa umeingia kwenye Outlook. Akaifungua, akaunganisha ankara na orodha, akaituma kwa mteja kabla sijafika kwenye ngazi.