Shambuyi Wawili, Mfuko Mmoja

Ukioa kwa Waluba wa Kasai, huko Kongo, kisha ukajaliwa mapacha, jina ulilopewa na wazazi wako hutalisikia tena ukweni. Kurwa na Doto nilizokuwa nimeziandaa mimi zilibaki Morogoro. Watoto waliitwa Mbuyi na Kabanga, hakuna aliyeniuliza, maana kwa Waluba mapacha huja na majina yao. Mke wangu akawa Mwambuyi, mimi nikawa Shambuyi, yaani baba Mbuyi. Ni cheo hasa. Wazee wenye mvi wananipisha kiti, vijana wananipokea mzigo hata kama ni mfuko wa mkate. Nilikizoea haraka kuliko inavyofaa.

Mke wangu ni mzaliwa wa Lubumbashi, huko Katanga, kusini mwa Kongo. Babu yake alitoka Kasai enzi za Wabelgiji kufuata kazi ya reli, akazeekea Katanga, wajukuu wakakua wanagombana kwa Kiswahili. Zilipokuja fujo za 1992 na 1993, Wakasai wakafukuzwa Katanga kwa maelfu, nusu ya ukoo ikapanda treni kurudi Kasai, ikatua Mbuji-Mayi, mji wa almasi, na nusu ikabaki. Kwa hiyo nina wakwe wa aina mbili. Wa Lubumbashi tunapiga soga mpaka usiku wa manane. Wa Mbuji-Mayi, hasa vijana waliozaliwa hukohuko, wana Tshiluba, lugha ya Waluba, na Kifaransa, nami sina hata kimoja.

Basi mdogo wake mke wangu akachumbiwa Mbuji-Mayi, tukaenda kupokea mahari.

Nitasema ukweli kuhusu Tshiluba: ni lugha inayomlaghai Mswahili. Mbuji ni mbuzi, mayi ni maji, muntu ni mtu. Unakaa pembeni, unadaka neno hapa na neno pale, unatikisa kichwa penye kituo, watu wanaamini unafuata mazungumzo. Baya zaidi, na wewe unaamini. Katikati ya maneno hayo mawili uliyodaka yamepita arobaini, tena kwa toni za kupanda na kushuka ambazo sikio la Morogoro halina mahali pa kuziweka. Mimi nilijua salamu tu. Mtu akisema "Moyo!" najibu "Eyo, moyo!" kwa sauti nene, nimeweka mkono kifuani. Nilikuwa naijibu vizuri kiasi kwamba wazee wakaona hakuna haja ya kunitafsiria.

Siku ya siku tukakaa chini ya turubai mbili zinazotazamana, sisi upande wa bibi harusi huku, wao kule. Mjomba wa mke wangu, aliyekulia Lubumbashi, ndiye aliyepangwa kukaa nami anifasirie. Akakaa, akatazama kreti za bia, hakupenda jinsi zilivyokuwa zinapungua, akaondoka kwenda kuzilinda. Hapo ndipo nilipoachwa yatima.

Akasimama mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge cha bluu, kipaza sauti mkononi. Nilijua ni mwimbaji wa kasala, kwa sababu mke wangu alikuwa amenieleza mara nyingi kwamba hilo ndilo jambo kubwa la Waluba: mtu anasimama kwenye msiba, harusi au mapokezi, anamtaja mtu kwa sifa zake, anashuka mpaka kwa baba, babu, na babu wa babu, fulani wa fulani wa fulani, mpaka mwenye kusifiwa damu inamchemka. Ikishachemka, anatoa pesa. Akitoa, sifa zinaongezeka. Hesabu ni hiyo tu.

Ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba mama yule aliletwa na upande wetu, na kazi yake siku ile ilikuwa kuwakamua wa upande wa pili.

Akaanza taratibu. Mimi nadaka neno hapa, neno pale. Mara akainua sauti: "Shambuyi!"

Jamani, ningefanyaje? Wiki nzima mji mzima unaniita hivyo. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Mama akageuka, akaniangalia kidogo, macho yakaenda kwenye mfuko wangu, kisha akaendelea kwa kasi mpya. Shambuyi wa nani sijui, wa nani sijui, wa nani sijui. Jina la baba yangu mzazi halikuwemo, lakini sikushtuka: kama mimi walinipa jina la kwao, na mzee watakuwa wamempa la kwao.

Nikampelekea dola ishirini, nikambandika kwenye paji la uso kama nilivyoona wengine wakifanya. Upande wa pili wakalipuka kwa vigelegele. Upande wetu kimya. Nikasema moyoni, wivu huo.

Noti ya pili ndiyo ilileta kituko. Ilikuwa ya dola kumi, na pembeni ilikuwa na mchaniko mdogo sana, wa kuutafuta. Kongo wanatumia dola kila mahali, lakini iliyochanika hata nywele moja hakuna anayeipokea. Mama, bila kuacha kuimba, yuko kwenye babu wa saba huko, akaichukua, akaiinua juani, akaigeuza, akafumba jicho moja kama wanunuzi wa almasi wa mji ule wanavyokagua jiwe, akanirudishia mkononi. Hakupoteza hata silabi. Nikatafuta nyingine. Nzima nilizobakiza zilikuwa mbili za hamsini. Nikatoa moja. Hapo babu mpya wakaanza kutokea, nadhani na wengine hawajazaliwa.

Simu ikawa inatetemeka mfukoni, mfuko uleule wa pesa, kwa hiyo kila nikiingiza mkono naigusa. Baadaye niliona ni mke wangu, aliyekuwa ndani na bibi harusi akichungulia dirishani: "Kaa chini." "Kaa chini baba Mbuyi." "KAA CHINI." Mama mkwe alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge. Mimi nikaona amezidiwa na furaha, nikatoa hamsini ya pili.

Wakati wote huo, kwenye turubai la mbele yangu, mzee mmoja mnene alikuwa ameegemea kiti, mikono tumboni, macho nusu yamefumba, anatabasamu kwa raha ambayo sijaiona kwa binadamu mwingine. Kila babu akitajwa, anaitikia kwa kichwa.

Mjomba akarudi na chupa mbili mkononi. Akasikiliza. Akaniangalia nilivyosimama katikati ya uwanja na koti limefungwa.

"Shambuyi," akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "ile kasala haikukuwa yako. Ni ya ule mzee kule, baba mkubwa wa bwana harusi. Naye iko na mapasa. Weye unalipa makuta, bo banacheka!"

Mapasa kwao ni mapacha, makuta ni pesa. Nikakaa, lakini jambo lilikuwa halijaisha. Msemaji wao akasimama, mtu mrefu mwenye ulimi wa wakili, akaongea kirefu huku akininyooshea kidole kwa heshima zote. Mjomba akanifasiria huku jasho linamtoka: wanasema bwana huyu ameitika kwa mababu wao mbele ya mashahidi, tena ameitika kwa pesa. Kwa hiyo ni wa kwao. Tangu leo ahesabiwe upande wa waoaji, na kwa kuwa mahari bado ina upungufu wa mbuzi mmoja, wa mama wa bibi harusi, wanaomba ndugu yao mpya awasaidie.

Wazee wetu wakainamiana. Nilitegemea watanitetea. Wakapiga mahesabu, wakaona mbuzi ni mbuzi, hata akitoka kwa nani, wakakubali kwa kauli moja. Nikahamishwa kiti. Kwa hiyo mimi, mkwe wa siku nyingi wa nyumba ile, mwenye mahari yangu niliyokwisha kuimaliza, nikajikuta nimekaa na waoaji, nadaiwa mbuzi wa mama mkwe kwa mara ya pili.

Mfukoni nilikuwa na dola kumi yenye mchaniko. Wakaipitisha mkono kwa mkono safu nzima, ikanirudia.

Ndipo Shambuyi mwenyewe, yule mnene, akaniwekea mkono begani, akaingiza mwingine kwenye mfuko ambao siku nzima haukuguswa, akanikopesha pesa ya mbuzi. Mpaka leo ananidai, na akipiga simu hasemi shida yake. Anasema "Moyo!" tu, halafu anangoja.